Panja za Shemeji Thới

Mimi ndiye niliyeanza, na sitamsingizia mtu. Ilikuwa asubuhi kama asubuhi nyingine, tumekaa juu ya chelezo chetu tunabandua chaza kwenye vipande vya matairi, na shemeji yangu Thới akavua kofia yake ya majani ajifute jasho. Nikamtazama kichwani. Nikasema, kwa utani tu, kama nilivyokuwa nikimtania tangu alipomwoa dada yangu:

"Shemeji, hizo panja vipi? Mbona maji yamekupwa na hayajai tena?"

Dada yangu Lượm alicheka mpaka chaza akamponyoka akarudi majini. Thới hakucheka. Aliweka kisu chini, akapitisha vidole viwili juu ya sikio la kulia, halafu juu ya sikio la kushoto, polepole, kama mtu anayegusa jipu. Kisha akavaa kofia yake, na siku ile hakuivua tena, hata tulipokaa kivulini kula.

Mtu wa mjini angesema, nywele tu hizo. Lakini kisiwani kwetu Cồn Đước wanaume hatukati nywele. Tunakua nazo, tunazifunga shungi nyuma ya kichwa, na tunazikwa nazo. Mtu akifa, watoto wake humwosha, humchana, humfunga shungi la mwisho. Vijana wanaokwenda kufanya kazi viwandani ng'ambo ya mto, wengine hukata. Wakirudi hakuna anayewafukuza, ila siku ya karamu ya mababu hawakai mkekani na wanaume wenzao. Hula jikoni na hukaa kimya, na mama zao hujifanya wana shughuli nyingi.

Thới alikuwa na shungi ambalo kisiwa kizima kililijua. Akizifungua, nywele zilifika magotini. Na alizifunga kwa kukaza kuliko mtu yeyote, mpaka pembe za macho zikavutwa juu. Mama yake ndiye aliyemzoesha. Yule mama aliamini shungi legevu ni la mtu mlegevu, na kila asubuhi alimbana mwanawe katikati ya magoti akamvuta nywele hadi machozi yakamtoka. Mama alipofariki, Thới aliendelea kujivuta mwenyewe vilevile, miaka ishirini na kitu.

Nisichokifikiria asubuhi ile, na ningekifikiria ningejiuma ulimi, ni kaka yake Nghĩa. Kaka Nghĩa alikuwa amefariki miaka miwili nyuma kwa saratani ya damu. Dawa za hospitali zilimnyonyoa kichwa chote. Thới ndiye aliyekaa naye kule, na kila asubuhi aliziokota nywele kwenye mto na kuzitia katika mfuko wa mchele, kwa sababu mgonjwa aliomba zisitupwe. Tulimzika na ule mfuko. Na Thới alikuwa amenieleza mara moja tu, siku ya arobaini, kwamba zilianzia panjani.

Tangu siku ya utani wangu, shemeji alibadilika. Alianza kufunga kitambaa kichwani, kile cha miraba cheusi na cheupe ambacho wavuvi hujifutia jasho, akakishusha mpaka kwenye nyusi. Kila pikipiki iliyosimama barabarani, aliinama kwenye kioo chake. Akawa hataki kukaa mahali penye upepo. Wakati wa kula alikuwa wa kwanza kunyanyuka, na yeye ni mtu ambaye uji wa chaza ulikuwa haumtoshi mpaka akwangue sufuria. Mimi nilidhani amekasirika, nikazidi kumtania ili apoe. "Shemeji, umejifunika hivyo una mimba?" Alinitazama kwa macho yaliyonipa ubaridi, lakini sikuelewa.

Dada yangu naye alielewa vingine. Siku moja alinivuta nyuma ya nyumba, penye madumu ya maji.

"Bền, shemeji yako ana mwanamke."

"Nani, Thới? Huyo akimwona mwanamke anaanza kuongea habari za matope."

"Usinichekeshe. Ananukia balungi. Kila jioni anarudi ananukia balungi, na balungi nyumbani kwangu hakuna. Halafu halali. Anageuka huku, anageuka huku. Nikimgusa kichwa anaruka kama nimemchoma. Mfuate uone anakwenda wapi."

"Dada, mimi nimfuate mumeo?"

"Wewe ni ndugu yangu au ni ndugu yake?"

Nikamfuata. Mchana, maji yalipokuwa yametoka, alishuka kutoka kwenye chelezo akasema anakwenda kutazama nguzo za upande wa kaskazini. Nilimpa muda kidogo, nikapita ndani ya mikoko, matope mpaka magotini. Nilimkuta amekaa juu ya mzizi mkubwa. Alikuwa amezifungua nywele zote, zimemwagika mpaka kwenye matope. Pembeni yake kulikuwa na maganda ya balungi yaliyopondwa, ambayo watu husema huotesha nywele, na alikuwa akijisugua nayo panjani kwa nguvu, hadi ngozi ilikuwa nyekundu. Kisha akainua simu juu ya kichwa, akajipiga picha, akaitazama, akaifuta. Akajipiga nyingine. Hiyo nayo akaifuta.

Nilikanyaga tawi. Akageuka. Sikuwahi kuona uso kama ule kwa mtu mzima.

"Umekuja kucheka?" akaniuliza.

"Hapana, shemeji."

"Njoo basi uone. Njoo, karibu. Tazama hapa, mwezi uliopita hapa palikuwa na nywele." Alinishika kidole akakiweka mwenyewe kwenye panja. Ngozi ilikuwa laini kama ya mtoto mchanga. "Kaka Nghĩa ilimwanza hivihivi. Hivihivi, Bền. Mimi ndiye nilikuwa namchana."

"Kaka Nghĩa alinyonyolewa na dawa, shemeji. Si ugonjwa."

"Wewe ulikuwepo? Zilianza kabla ya dawa. Mimi nilikuwepo." Akazikusanya nywele zake mikononi kama mtu anayekusanya wavu, akaanza kulia bila sauti. "Nina damu ileile. Mama mmoja, baba mmoja. Nitakufa, na Nhiên hata chuo hajamaliza."

Nhiên ni binti yao wa pekee, yuko ng'ambo anasomea ualimu.

Nilimwambia twende kwa daktari. Akakataa. Nikamwambia tena. Alisema kaka yake alikwenda kwa daktari akitembea kwa miguu yake, akarudi amebebwa. Siku tano nilimwomba. Siku ya sita nikamtisha kwamba nitamwambia Lượm kila kitu, na hapo ndipo alipokubali, kwa sharti dada yangu asijue. Tukadanganya kwamba tunakwenda ng'ambo kununua kamba za nailoni.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, miwani imemshuka puani. Zahanati yake ilikuwa juu ya duka la kuuza feni. Alimtazama Thới kitambaani, akasema, "Fungua, baba."

Thới akanitazama mimi. Kwetu mwanaume hafungui nywele mbele ya mwanamke asiye wake. Nilijifanya nasoma bango ukutani. Nikasikia pini ya mfupa ikitoka, halafu daktari akasema kwa sauti ya chini, "Jamani, mzigo wote huu!"

Alimpapasa kichwa kizima. Akamulika kwa tochi ndogo. "Huwa unafunga kwa kukaza hivi tangu lini?"

"Tangu nina miaka mitatu."

"Panauma?"

"Zamani palikuwa panauma."

"Una homa? Umepungua uzito?"

Aliposikia neno uzito, Thới alishika ukingo wa kiti. "Nimepungua," akasema. "Kaka yangu alikufa kwa damu."

Daktari alivua miwani. "Baba, nadhani najua kinachokusumbua, na si damu. Lakini naona hutanisikia mpaka niipime. Leta mkono."

Majibu yalikuwa ya siku tatu. Siku zile tatu sitaki zirudi. Ya kwanza, Thới alinichukua kwenye chelezo akanionyesha kila nguzo iliyoanza kuliwa na wadudu wa maji, ipi ibadilishwe kwanza na ipi inaweza kungoja. Ya pili alimpigia Nhiên simu, akamuuliza habari za mitihani, chakula, viatu vyake, mpaka mtoto akauliza, "Baba, umelewa?" Baadaye aliniambia ni shati lipi azikwe nalo. Alilisema hilo huku tunakunja kamba, bila kunitazama, kama mtu anayeagiza chumvi dukani. Usiku ule sikupata usingizi.

Siku ya tatu asubuhi Lượm alilipuka. Alimwekea mumewe bakuli la uji mbele yake, hakukaa. Mimi nilikuwa mlangoni.

"Baba Nhiên, leo utaniambia. Ni nani?"

"Nani nini?"

"Huyo mwanamke wa balungi! Anauza balungi sokoni au anajipaka? Kama umechoka na mimi sema, usinifanye mjinga mbele ya ndugu yangu, maana huyo naye amekula yamini hasemi!"

 Thới akakitoa kile kitambaa, akainamisha kichwa mbele ya mkewe, akaonyesha panja moja, akageuza, akaonyesha ya pili.

Lượm alitazama. Aliona alichokiona, na naamini jina la Nghĩa lilimjia palepale, kwa sababu alikaa sakafuni hapo hapo alipokuwa.  Alinyoosha mkono akamshika mumewe kifundo cha mguu, akakishika hivyo mpaka uji ukapoa. Sasa walikuwa wawili wenye kuogopa, na mimi wa tatu.

Tulimweleza habari za daktari, na alasiri tulivuka wote watatu kuchukua majibu. Daktari alisoma karatasi ile mbele yetu, mstari kwa mstari, kila mstari akisema "sawa". Nilihesabu "sawa" kumi na nne. Alipomaliza akasema:

"Damu yako ni safi kuliko yangu. Shungi lako ndilo linalokung'oa. Umeivuta ngozi miaka arobaini, imechoka. Mabinti wanaosuka kwa kubana nao huwapata haya haya. Legeza. Funga chini, shingoni, kwa kitambaa laini. Ukilala, fungua kabisa."

Lượm alianza kucheka na kulia pamoja. Thới hakucheka. Aliuliza, "Zitarudi?"

"Za mbele huenda zisirudi. Zilizobaki zitabaki, ukinisikia."

Njiani kurudi, ndani ya mashua, nilitarajia kumwona mtu aliyetua mzigo. Haikuwa hivyo. Katikati ya mlango wa mto akasema, "Basi ni mkono wa mama," akageuza uso kutazama maji.

Akaanza kufunga kwa kulegeza. Shungi lililozoeleka likaisha, ukabaki mkia mzito uliofungwa kwa utepe shingoni na kuteremka mgongoni. Watu walisema. Phước, jirani yetu mwenye mdomo, alimwita bibi harusi. Thới alivumilia. Ila woga wake haukwenda popote, ulibadilisha kiti tu. Sasa alikuwa hajui afanyeje mikono yake asubuhi, alisema kichwa kinajisikia kitupu, kama nyumba isiyo na mlango. Kila alipohisi nywele zikimgusa shavuni alishtuka akifikiri zinaanguka.

Mwezi haujaisha, ikatokea.

Kwenye chelezo tuna mashine ya dizeli inayoendesha pampu ya kuoshea chaza. Kati ya mashine na pampu kuna mkanda. Zamani ulikuwa na kifuniko cha bati. Kikaoza kwa chumvi, kikaanguka, na kila wiki mimi nilisema nitatengeneza kingine. Siku ile mashine inanguruma, Lượm anapanga chaza kwenye vikapu, mimi nimeshika ndoo, Thới akaona kipande cha kamba kimenasa chini ya mashine. Akainama akitoe. Alikuwa amezoea maisha yake yote kuinama bila kufikiria kichwa chake, maana shungi halitoki mahali pake. Mkia ukateleza begani.

Nilisikia mlio kwanza. Mkanda uliguguna kama mbwa aliyepata mfupa. Nilipotazama, uso wa shemeji ulikuwa tayari upo karibu na chuma, mikono yake miwili imegandamiza mwili wa mashine, mashine yenyewe ni moto, nasikia ngozi ya viganja ikiungua, na anavutwa. Shingo imevimba mishipa. Hakupiga kelele. Alikuwa anasukuma kwa nguvu zote na anashindwa, kidole kwa kidole.

Na mimi nilisimama. Lazima niseme hivi, kwa sababu watu wakihadithia wanasema nilikimbilia kuzima mashine. Sikukimbilia. Nilisimama na ndoo mkononi, maji yananimwagikia miguuni, na mwili wangu haukuwa wangu.

Lượm alikuja kwa kuruka juu ya vikapu. Alikuwa ameshika panga dogo la kukatia kamba. Thới alimwona kwa pembe ya jicho, akaona panga, na hapo ndipo alipopiga kelele.

"Usikate! Lượm, usikate! Zima!"

"Nyamaza!"

"Usikate, nakuomba!"

Alikata. Alikata mara ya kwanza panga likarudi, nywele zilikuwa zimekaza kama waya. Akakata mara ya pili, ya tatu, ya nne, anapiga kati ya kichwa cha mumewe na mkanda, nafasi haizidi kiganja, na kila pigo anatoa sauti ambayo sijamsikia akiitoa hata alipokuwa anajifungua. La tano, nywele zikaachia. Thới alianguka kwa mgongo juu ya chaza. Mkanda ulimeza kilichobaki, ukachomoka kwenye gurudumu lake, mashine ikapiga kelele tupu mpaka nilipopata miguu yangu nikaizima.

 Damu ilikuwa inamtoka nyuma ya sikio, kipande cha ngozi kimechanika. Viganja vimeiva. Lượm alimtazama, akatazama panga mkononi mwake, akalitupa majini.

"Nimekuua," akasema. "Baba Nhiên, nimekuua."

Alishonwa nyuzi sita. Upande wa kulia nywele zilikuwa zimebaki urefu wa kidole, upande wa kushoto zinafika begani. Shungi halifungiki. Na karamu ya mababu ilikuwa imebaki siku kumi na nane.

Hakutoka nje. Alikaa chumbani, dirisha limefungwa, na mtu akibisha hodi aliingia nyuma ya pazia. Mimi nilikwenda kila siku. Siku moja nilimkuta anaota mchana, ameamka anajishika kichwa akisema mkanda, mkanda. Siku nyingine aliniuliza, "Nikifa kesho, Nhiên atafunga nini?"  Lakini dada yangu ndiye aliyenitia hofu zaidi. Yeye alikuwa amekata nywele za mwanaume wa Cồn Đước kwa mkono wake, na hakuna aliyewahi kusikia jambo hilo. Alikuwa amezichomoa zile nywele kutoka kwenye mashine, unywele mmoja mmoja, na siku nzima alikuwa uani anaziosha oili kwa maji ya bồ kết, yale maganda meusi tunayochoma na kuchemsha. Anaosha, ananusa, anaosha tena. Hakuzungumza na watu. Asubuhi ya tano akaniambia, "Nakwenda kwa Mzee Kiểng nikaseme mwenyewe. Nisindikize. Nikienda peke yangu nitarudi njiani."

Mzee Kiểng ndiye aliyekuwa akiongoza sala zetu. Alikuwa na miaka karibu themanini, mkali, mtu asiyecheka, na shungi lake lilikuwa kubwa kama ngumi chini ya kilemba cheusi. Tulimkuta barazani anamenya karanga. Lượm alipiga magoti. Alieleza yote, hakupunguza kitu, wala hakutaja kwamba mimi nilisimama tu.

Mzee alisikiliza huku karanga zikimwanguka kutoka vidoleni. Alipoinua uso niliona kitu ambacho sikukitegemea. Alikuwa anaogopa kama sisi.

"Sijui," akasema. "Halijawahi kuletwa kwangu. Sijui nikwambie nini, mwanangu."

Lượm akainamisha kichwa mpaka chini. Mzee akatazama njiani, akamwita mkewe. "Funga mlango huo. Na dirisha."

Tulipoingia ndani, kwenye nusu giza, alikivua kilemba.  Mbele yote ilikuwa upara, kuanzia panjani mpaka utosini, unang'aa. Nyuma kulikuwa na nywele chache nyeupe, na lile shungi kubwa. Akalifungua. Likagawanyika mikononi mwake: nywele zake halisi zilikuwa fundo dogo kama kitunguu saumu, na zilizobaki zilikuwa fungu la nywele zilizokwishatoka, nyeusi, za ujana wake, zimefungwa kwa uzi.

"Zilianza nikiwa na miaka thelathini na sita," akasema. "Naziokota. Huyu bibi ndiye anayenifungia. Kila karamu naogopa upepo." Akatutazama. "Kama mnataka kunicheka, chekeni hapa hapa."

Hatukucheka. Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake, ameweka mkono begani pake.

"Zile zake hukuzitupa?" mzee akamuuliza dada yangu.

"Nimeziosha, babu. Bado zinanuka dizeli kidogo."

"Mlete na ziletwe. Mimi nitafunga. Lakini haya mliyoyaona..."

"Hatukuona kitu, babu," nikasema.

Nayasimulia leo kwa sababu mzee amekwisha kupumzika, na bibi mwenyewe aliniambia, sema tu, wanaume wengine wapate usingizi.

Siku ya karamu Thới alitembea kutoka nyumbani kwake mpaka ukumbini, Lượm mkono wa kulia, mimi wa kushoto. Jasho lilikuwa linamtiririka na bado jua halijapanda. Shungi lake lilikuwa kubwa, jeusi, lina harufu ya mashine, limefungwa kwa uzi kwenye nywele fupi na kufunikwa kwa kilemba. Wanaume walikuwa wameshakaa mkekani. Vichwa viligeuka vyote.  Phước, bila shaka, ndiye aliyeanza:

"Thới, nasikia siku hizi mkeo ni kinyozi!"

Hakuna aliyecheka. Kila mtu alingoja. Thới akageuka kumkabili.

"Kinyozi mzuri," akasema. "Kichwa ameniachia."

Mtu mmoja akacheka, halafu mwingine. Mzee Kiểng, kule mbele, hakugeuka. Aligonga tu kijiti chake sala ianze, na watu wakasogea, nafasi ya mtu mmoja ikapatikana. Thới akakaa. Mimi nikakaa nyuma yake.

Sasa ni miaka mitano. Nywele zimefika kiunoni, lile fungu la zamani limewekwa kwenye kasha na hatulihitaji tena. Nyuma ya sikio pamebaki kovu lisilo na unywele. Panja hazikurudi, kama daktari alivyosema. Zimesogea nyuma kidogo, zikasimama. Kila mwaka huenda kupimwa damu, na zile siku tatu za kungoja hula kidogo na kumpigia Nhiên simu mara nyingi. Asubuhi Lượm ndiye anayemfunga, kwa kulegeza, naye hukaa ametulia amefumba macho. Mashine ina kifuniko kipya, nilikitengeneza mwenyewe wiki ileile ya ajali. Hata hivyo, nikishika mpini kuiwasha, shemeji huacha alichokishika, akaenda kusimama ukingoni kabisa mwa chelezo, mikono yote miwili nyuma ya kichwa, na hubaki hapo mpaka nizime.